Tulimwambia Alale



Tulikusudia kuendelea na yale tuliyoyaanza juma lililopita, lakini jambo moja limetukatiza njia, nasi tumeona si vema kulipita. Alhamisi, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa jumuiya zetu alibaki mlangoni pa sakristia akiwa na karatasi mkononi. Ilikuwa barua ya hospitali: ana mawe katika mfuko wa nyongo, na amepangiwa kufanyiwa upasuaji baada ya majuma sita. Tulidhani amekuja kuomba Misa, au nauli. Kumbe alikuwa na swali. "Baba Paroko," alisema, "yule katekista wetu alikufa kwa nini hasa? Watu wanasema kisu ndicho kilichomuua. Kama ni kisu, mimi siendi. Bora nife na mawe yangu."

Hatukumjibu siku ile kama ilivyotupasa. Tulimwambia arudi Jumamosi. Ukweli ni kwamba jibu tulikuwa nalo tangu mwaka ule wa msiba, ila hatukupata kulisema mbele za watu, kwa kuwa ndani ya jibu hilo tumo sisi wenyewe.

Wengi wenu mnamkumbuka mzee yule, ambaye sote tulimwita Mghosi kwa heshima ya Kisambaa. Jina lake hatulitaji. Wanawe wametukubalia tusimulie yaliyotokea. Alikuwa amepita miaka 60. Ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha katani, chumba cha brashi, baadaye akawa mkulima, na muda wote huo alivuta sigara. Si nyingi, tano au sita kwa siku, "za kufungulia kifua" kama alivyopenda kutania. Usiku mmoja wa masika tumbo lilimvimba na kumkaza, choo hakipiti wala upepo. Tukampakia katika gari la parokia, tukashika njia ya Korogwe katika tope. Hospitalini walikuta utumbo umejisokota. Wakampasua usiku uleule, kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu, kazi iliyochukua zaidi ya saa tatu. Alfajiri daktari alitoka akiwa amechoka, akatuambia kwamba mambo yamekwenda vizuri. Tulimshukuru Mungu, tukaenda kunywa chai.

Kesho yake tulirudi wodini pamoja na wanajumuiya wanne. Tulimkuta Mghosi akijaribu kujiinua kwa viwiko. Kila alipotaka kukohoa alishika tumbo, akafumba macho, akakimeza kikohozi. Tulimhurumia. Mkewe alimwekea blanketi hadi kidevuni. Mmoja wetu alimwambia asijitese, mshono utafumuka. Nasi, paroko wenu, ndio tuliomshika mabega tukamlaza chali, tukamwambia: "Pumzika, Mghosi. Usiongee, usijichoshe. Lala."

Muuguzi wa zamu akapita, akatuona. "Baba, msimlaze," alisema. "Mkalisheni. Akohoe."

"Mwanangu, huoni kidonda bado kibichi?" mkewe alimuuliza.

"Nakiona, mama. Hata hivyo akohoe."

Alimkalisha mwenyewe, akamwekea mto mgongoni, kisha akaitwa upande wa pili, kwani zamu ile alikuwa peke yake kwa wagonjwa wengi. Tulimwona kuwa ni binti mwenye moyo mgumu. Alipotoweka, tukautoa mto, tukamlaza tena mzee wetu. Tulifanya hivyo siku ile na siku iliyofuata.

Siku ya nne homa ilipanda. Mghosi alihema upesi upesi kama mtu aliyepanda kilima akiwa na mzigo kichwani, na mabawa ya pua yakawa yanachezacheza. Walimpa oksijeni na dawa za mshipani. Siku ya saba akafariki. Daktari alitufunulia bandeji: mshono ulikuwa mkavu, umeshikana, hauna usaha hata tone. "Tumbo lilikuwa linapona," alituambia. "Kilichoshindwa ni mapafu."

Basi, ndugu msomaji, hilo ndilo jibu. Kilichomuua ni nimonia, ambayo wazee wetu huiita kichomi, iliyomwingia baada ya upasuaji. Tangu hapo tumejitahidi kuwauliza waganga na kusoma, ili tuelewe ilikuwaje mtu afunguliwe tumbo akafe kwa kifua. Tunayaandika hapa kwa kadiri tulivyoelewa.

Mapafu ya binadamu yana vifuko vya hewa vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na vifuko hivyo hubaki wazi kwa sababu tunavuta pumzi ndefu mara kwa mara bila kujua. Ule mhemo mrefu unaotutoka tukiwa tumekaa tu ni kazi hiyo. Mtu anapopewa nusu kaputi, misuli ya kupumulia inalegea. Ile misuli mipana iliyotandikwa kati ya kifua na tumbo inasukumwa juu, na sehemu za chini za mapafu, hasa mtu akiwa chali, zinabanana na kufungika. Hali hii huwapata walio wengi sana miongoni mwa wanaolazwa kwa nusu kaputi, hata vijana wenye afya. Kwa kawaida hufunguka zenyewe mgonjwa akishaamka, akakaa, akatembea. Lakini aliyepasuliwa karibu na mbavu anaumia kila anapovuta pumzi, kwa hiyo huvuta fupifupi. Hakohoi. Makohozi yanatuama kama maji katika mfereji ulioziba, na vijidudu hupenda maji yaliyotuama. Siku ya tatu au ya nne homa inaanza. Tunapoambiwa kwamba mgonjwa "amebadilika ghafla", mara nyingi mabadiliko hayo yalianza siku ya kwanza, wakati sisi tulipokuwa tukimsifu kwa jinsi alivyolala kimya.

Kuna njia nyingine mbili za mapafu kuharibika, tuzitaje kwa ufupi. Ya kwanza ni chakula kutoka tumboni na kuingia kwenye njia ya hewa wakati mtu hana fahamu. Ndiyo maana huambiwa asile: kwa desturi, chakula si chini ya saa 6 kabla, na maji matupu si chini ya saa 2, au kama hospitali itakavyoelekeza. Tunawajua ndugu wanaopenyeza uji wa maziwa alfajiri kwa huruma, "asiingie na njaa". Uji wa maziwa ni chakula. Ya pili ni damu kuganda katika miguu iliyolala bila kusogea, kisha bonge likasafiri hadi mapafuni na kuziba mshipa. Hapo mgonjwa anaweza kuanguka ghafla akienda chooni, na majirani wakatafuta mchawi.

Je, hatari hii ni ya watu wote sawasawa? La. Mwaka 2010 madaktari wa Catalonia, nchini Hispania, walichapisha uchunguzi uliofuatilia wagonjwa 2,464 katika hospitali 59, wakitafuta ni nani hupatwa na matatizo ya mapafu baada ya upasuaji. Waliopatwa walikuwa takribani 5 katika kila 100. Lakini tazameni tofauti: miongoni mwa waliopatwa, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amefariki kabla ya siku 30 kwisha, miongoni mwa wasiopatwa, mmoja kati ya 200. Wakayaona mambo saba yanayomweka mtu katika hatari: umri uliopita miaka 50, na zaidi sana uliopita 80, oksijeni iliyo chini katika damu kabla ya kupasuliwa, ugonjwa wa njia ya hewa ndani ya mwezi mmoja uliotangulia, upungufu wa damu, mkato wa kifuani au wa tumbo la juu, upasuaji unaozidi saa 2, na upasuaji wa dharura.

Tulipoyasoma hayo tulimhesabia Mghosi kwenye vidole. Umri, ndiyo. Mkato wa juu, ndiyo. Zaidi ya saa tatu, ndiyo. Dharura, ndiyo. Kikohozi alikuwa nacho tangu Kwaresima, wala hakuna kati yetu aliyemwambia daktari, kwa sababu tulidhani daktari anauliza habari za tumbo. Damu hatujui. Mtu wa namna hiyo alipaswa kukalishwa na kukohozwa kuliko wote waliokuwamo wodini, nasi tulimlaza.

Sigara haimo katika yale saba, lakini asishangilie mtu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2020 kwamba wavutaji wanaoacha tumbaku majuma manne au zaidi kabla ya upasuaji hupata matatizo machache zaidi, na kwamba kila juma linaloongezeka baada ya hapo linazidisha faida. Daktari mmoja alitueleza sababu: ndani ya koo na mapafu mna vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kuelekea juu, na moshi huvilaza. Vikipewa muda, vinaamka.

Moshi ambao tungependa kuuzungumzia zaidi ni ule usionunuliwa dukani. Akina mama wetu wengi hawajapata kushika sigara maishani, lakini wamepulizia kuni katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka 30 au 40. Huko juu Lushoto, ambako baridi ya mwezi wa Julai si ya mchezo, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, jambo ambalo pia laweza kuua usiku mmoja tu. Mapafu hayo yakifika mezani kwa daktari hayatofautiani sana na ya mvutaji. Daktari akiuliza, "Unavuta sigara?" mama anajibu kwa haki kabisa, "Hapana," na mambo yanaishia hapo. Aseme na la jikoni.

Halafu kuna katani. Wasomaji wa mbali hawana budi kujua kwamba sisi tuko katika bonde la Luengera, lililo kati ya Usambara ya Mashariki na ile ya Magharibi, na kwamba mkonge ni jirani yetu wa siku nyingi. Watafiti waliowapima wafanyakazi wa viwanda vya katani hapa Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, walikuta kwamba dalili za kifua zilikuwa nyingi hasa kwa wa chumba cha brashi, mahali ambapo nyuzi kavu husuguliwa na vumbi kupaa. Wazee wetu waliopita katika chumba hicho ni wengi. Hawajioni wagonjwa. Kikohozi cha asubuhi wamekizoea kama jogoo. (Tukitaja viwanda hivi tunakumbuka kichekesho cha mwaka 2020: katika mashamba ya mkonge, "korona" ilikuwa ni ile mashine ya kuchakata majani tangu enzi za mababu, na bibi mmoja alituuliza kwa mshangao ni vipi mashine imefika China. Hata ugonjwa huo nao unahusika na habari yetu: uchunguzi uliofanywa mwaka 2020 katika nchi 24, kwa watu waliopasuliwa wakiwa na virusi vyake, ulionyesha kwamba karibu nusu walipata matatizo ya mapafu, na karibu mmoja kati ya wanne akafariki ndani ya siku 30.)

Mtu atauliza: hayo ya Hispania yanatuhusu nini? Mwaka 2016 hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ziliandika habari za kila mgonjwa mzima aliyepasuliwa katika juma moja, jumla watu 11,422. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wagonjwa wetu walikuwa vijana kuliko wa mabara mengine, na wengi wao hawakuwa na magonjwa mengine. Theluthi moja ya upasuaji wote ilikuwa ya akina mama kujifungua. Hata hivyo, walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Na zaidi ya 9 katika kila 10 ya waliokufa hawakufia chini ya kisu. Walifia vitandani, siku zilizofuata, ambapo muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Hatuisemi takwimu hii ili kumtisha mama yetu wa Alhamisi. Tunaisema kwa sababu katika vitanda hivyo sisi ndugu ndio tunaokaa kutwa nzima, na chupa za chai na mablanketi yetu.

Tena si kwamba hatari ikiwepo kifo ni lazima. Mnamkumbuka Baba Mtakatifu Fransisko, aliyetutoka tarehe 21 Aprili 2025. Alipokuwa kijana wa miaka 20, mwaka 1957, aliugua mapafu nusura afe, akakatwa sehemu ya pafu la kulia. Mwenyewe alisimulia kwamba aliokolewa na sista muuguzi, Cornelia Caraglio, aliyeongeza maradufu kiasi cha dawa kilichokuwa kimeagizwa, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamezoea wagonjwa. Mwezi Juni 2023, akiwa na miaka 86, akiwa pia ametoka kulazwa kwa ugonjwa wa kifua mwishoni mwa Machi, alipasuliwa tumbo kwa nusu kaputi muda wa saa tatu. Mhesabieni kwenye vidole kama tulivyomhesabia Mghosi. Siku mbili baadaye taarifa ya hospitali ilisema amekaa kitini anasoma magazeti, na siku ya tisa alirudi nyumbani. Mtasema, yule ni Papa, alikuwa na madaktari wa Roma. Ni kweli. Lakini kiti hata Magoma kipo.

Jambo lililotushangaza kuliko yote ni jingine. Mwaka 2018 wataalamu wa mazoezi ya viungo huko Australia na New Zealand walichapisha jaribio la watu 441 waliokuwa wanangojea kupasuliwa tumbo la juu. Nusu walipewa karatasi ya maelezo tu. Nusu nyingine, pamoja na karatasi hiyo, walikaa na mtaalamu kwa nusu saa, mara moja, kabla ya upasuaji, akawaeleza yale tuliyoyaeleza hapo juu na kuwafundisha namna ya kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, ili waanze wenyewe mara wakiamka. Kundi la kwanza waliopatwa na matatizo ya mapafu walikuwa 27 katika kila 100. Kundi la pili, 12. Hapakuwa na mashine wala dawa mpya, bali nusu saa ya mazungumzo. Tulifunga kitabu tukakaa kimya kitambo, tukihesabu ni nusu saa ngapi tumezitumia kando ya wagonjwa tukizungumza habari za mvua.

Jumamosi mama alirudi, akiwa na mumewe. Tuliwasimulia yote, pamoja na yale ya blanketi na mto. Hakusema neno kwa muda. Kisha akatuuliza, "Kwa hiyo yule binti muuguzi ndiye aliyekuwa sahihi?" Tukasema ndiye. Mumewe, ambaye pakiti ya sigara ilionekana katika mfuko wa shati, alianza kuitazama dari. Hatukumwambia kitu, mkewe alitosha.

Tuliandika pamoja naye mambo ya kumwambia daktari siku ya kupimwa: kwamba amepika kwa kuni miaka 34, kwamba wiki mbili zilizopita alikuwa na mafua yenye makohozi, kwamba huishiwa nguvu akipanda kutoka mtoni, kwani huenda damu ni pungufu na malaria za huku kwetu zina mkono wake. Majuma sita ni muda wa kutosha kutibu damu. Mafua yakirudi siku chache kabla, asifiche akiogopa kupoteza nafasi. Heri tarehe isogezwe. Hadi siku hiyo binti yake ndiye atakayekaa motoni, naye mama atakaa nje kuchambua mboga. Jioni atembee hadi kanisani na kurudi.

Tulimwambia pia kuhusu maumivu. Sisi watu wa milima hii tumelelewa kutolia, na mgonjwa wa Kisambaa akiulizwa "Unaumwa?" hujibu "Si sana," huku jasho linamtoka. Aliye na maumivu havuti pumzi ndefu. Basi aseme mapema, apewe dawa, ndipo akohoe. Wala hatusemi kwamba kila mtu ainuliwe papo hapo: wako wanaoamriwa na daktari kulala kwa muda, na neno la daktari ndilo la kufuatwa. Kwa hiyo jambo la kwanza tutakalomuuliza muuguzi ni hili: lini tumkalishe, na lini tumtembeze?

Jumuiya yake imekwisha kupanga zamu, watu wawili wawili, siku tano za kwanza. Watakaofika wasijaze kitanda. Mmoja amkalishe, mwingine ahesabu: kila saa akiwa macho, pumzi ndefu kumi, azishike kidogo kabla ya kuziachia, kisha akohoe mara mbili au tatu huku ameukumbatia mto juu ya kidonda, maana mkono wa mto hupunguza uchungu, na mshono ulioshonwa vizuri haufumuki kwa kikohozi. Apige mswaki asubuhi na jioni, kwa kuwa uchafu wa kinywani hushuka kifuani. Akilala, kichwa na kifua viwe juu. Anapohema upesi, akipandwa homa au kuchanganyikiwa, msingoje daktari apite; mfuateni. Anayekuja na machozi na maneno ya "mwacheni alale" atatolewa nje kwa upole akasubiri kwenye benchi, na kama ni paroko, naye vivyo hivyo.

Mto mama ameshaushona mwenyewe, wa kanga kuukuu, ameujaza sufi. Jana tulipopita kwake tulimkuta uani ameukumbatia, anavuta pumzi na kukohoa kwa bidii, na wajukuu wamejipanga mbele yake wakimhesabia kwa sauti, wakifika kumi wanacheka na kuanza upya. Kipimo cha damu atakwenda Jumatano. Mwenye nafasi katika gari la kwenda Korogwe siku hiyo atujulishe kabla ya Misa ya Jumanne.